Mwaka wa Kifua Wazi

Aloisi alifika msibani amepanda pikipiki mpya inayojifanya kuukuu. Nilikuwa nimekaa mkekani na kina mama wengine, huko Kasulo, uani kwa marehemu kaka yangu Severini, miguu imevimba, koo limekauka, na sikuwa na hamu ya kuona kitu chochote chenye magurudumu. Lakini ile taa ya mbele ya duara ilipita mbele yangu nikajikuta nimeigeuzia shingo. Tangi lenye nundu, siti bapa iliyoshonwa mistari, bomba la moshi linalong'aa, injini nje nje bila hata kipande cha plastiki cha kuisitiri. Nikamwita. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba. Hii nayo umeitoa wapi?" Akanieleza kwa bidii, kama anavyoeleza mtu aliyemzika baba yake jana na hajui aifanyie nini mikono yake, kwamba huu ndio mtindo wa sasa, wenye viwanda wamerudia sura ya zamani, watu wamechoka na yale mapikipiki yaliyofunikwa kila mahali. Akabonyeza kitufe, ikawaka. Haina kiki. Breki ni za diski mbele na nyuma, mafuta yanapimwa na kompyuta, sura peke yake ndiyo ya zamani. "Baba angeipenda hii," akasema. Nikamwambia baba yako asingeigusa. Akacheka kidogo, akadhani shangazi anamtania ili asilie, akaenda kuiegesha karibu na zizi la mbuzi.

Nimeishi vya kutosha kuiona pikipiki ikivikwa nguo na kuvuliwa tena. Zile za kwanza nilizozijua zilikuwa hivyo hivyo, chuma na injini na mtu juu yake, upepo wote unakupiga kifuani. Baadaye zikaja zenye taa ya pembe nne, mbavu za plastiki, stika za miali ya moto. Ukiiangusha mara moja koti lote limepasuka, na watu wakasema hayo ndiyo maendeleo. Sasa wamelivua lile koti, wakarudisha taa ya duara, na vijana wanapiga nazo picha. Haya. Mimi nimechoka, na nikichoka huwa navikasirikia vitu visivyo na kosa. Pikipiki ya Aloisi haikunikosea neno. Ila jioni ile, wenzangu wakichambua maharage ya wageni na kubishana kama sufuria kubwa imerudishwa au bado, mimi nilikuwa nimeshaondoka pale kimawazo. Nilikuwa Lusahunga, katika ule mwaka mmoja niliokaa na kaka chumba kimoja, mimi na yeye na pikipiki. Habari za ukoo wetu nitaziruka, hazina jipya. Baba na mama walikuwa wameshatangulia, tumebaki wawili, inatosha.

Niliolewa Mabawe, kwa Mzee Kagoma, kwa mwanawe aitwaye Festo. Mahari kwetu ni ng'ombe, na ng'ombe wa Mzee Kagoma walikuwa wamekufa karibu wote kwa ugonjwa. Alichobaki nacho cha kueleweka ni pikipiki aliyoipata kwa padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao, pikipiki ya taa ya duara na spoki, rangi nyeusi, injini imejitokeza mbele ya magoti. Watoto wa Mabawe waliiita Kifua Wazi. Severini ndiye aliyesimama mahali pa baba kupokea mahari, na pikipiki ilipoletwa uani wazee waliizunguka, hakuna aliyejua chuma kinapokelewaje. Mwishowe mshenga akaitatua kwa maneno ambayo kila mtu aliyaona ya busara. Akasema: "Leo huyu ni ng'ombe. Na sheria zote za ng'ombe zimfuate." Wazee wakaitikia, kata ya pombe ikazunguka, na Mzee Kagoma akaipigapiga ile pikipiki kwenye tangi kama anavyompiga ng'ombe ubavuni. Sheria zenyewe kila mtu wa Ngara anazijua. Ng'ombe uliyepewa huuzi bila aliyekupa kujua. Humpeleki mbali bila kumwambia. Akifa, unampelekea mwenyewe ngozi, aione kwa macho yake, ajue hukumchinja kwa siri wala hukumuuza mnadani. Na mwanamke akirudi kwao, ng'ombe naye anarudi alikotoka. Hakuna mtu pale uani aliyewaza kwamba ng'ombe hufa mara moja, lakini pikipiki hufa kipande kipande.

Festo alinipiga. Sitaeleza zaidi ya hapo, nimeshaeleza kwa wazee, kwa katekista na kwa Mungu, na kueleza nako kunachosha. Nitasema tu kwamba mara ya mwisho alitumia mpini wa jembe, na kiwiko changu cha kushoto hakijawahi kunyooka tangu siku hiyo. Nilitembea mpaka Ngara mjini, nikapanda lori la vitunguu, nikashuka Lusahunga alikokuwa Severini. Yeye alikuwa ameomba ruhusa kwa Mzee Kagoma, akamhamishia ng'ombe barabarani kubeba abiria, maana neno bodaboda lilikuwa halijatufikia, tulisema tu kubeba watu. Alikuwa akiwatoa wanaoshushwa na malori pale njia panda na kuwapeleka vijijini kwao. Aliniona nimesimama mbele ya mgahawa nimeushika mkono wangu. Hakuuliza. Alisema, "Umekula?" Nikasema sijala. Akaniagizia chai ya maziwa na chapati, akakaa mbele yangu akiangalia barabara mpaka nikamaliza, halafu akasema, "Utakaa."

Chumba alichopanga kilikuwa nyuma ya mgahawa wa Bi Saada, mjane wa Biharamulo mjini, mtu ambaye babu yake alitoka pwani na bidhaa na hakurudi tena. Kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, nikapewa mimi, yeye akalala chini upande wa pili wa khanga tuliyoitundika katikati. Pikipiki ililala ndani, miguuni kwake. Chumba kizima kilinuka petroli na oili chafu, na asubuhi hata ugali niliuonja una petroli. Ukutani kulikuwa na kalenda ya miaka iliyopita ambayo hakuna aliyeitoa kwa sababu iliziba tundu. Malori ya kwenda Rusumo yakipita, bati lote linatetemeka na sufuria zinagongana. Sikumbuki nyumba niliyolala vizuri kuliko ile. Bi Saada alinipa kazi ya kupika, wali, maharage, kuku wa madereva, na alinifundisha kutia iliki kwenye chai, na akawa ananisahihisha maneno. "Ngoja nirete chai," nasema. "Leo tena unareta? Lete, mwanangu, lete." Alinitania hivyo mwaka mzima bila kuchoka, mimi nikireta na yeye akilete, na chai ikawa inafika mezani kwa vyovyote.

Mzee Kagoma alikuja kabla mwezi haujaisha. Alishuka kwenye lori amevaa koti lake la kijivu na fimbo mkononi, nikapiga magoti nikamwamkia, na ukweli niuseme, nilifurahi kumwona. Huyu mzee alinipenda. Nikiwa kwake alikuwa ananiachia mnofu wa samaki wakati wanawe wananyang'anyana mkia. "Nimekuja kumwangalia ng'ombe," akasema. Akaingia chumbani, akachuchumaa mbele ya Kifua Wazi, akaikagua tairi, akanusa tangi, akapitisha kidole kwenye spoki. Halafu akakitazama kiwiko changu kwa muda ule ule. Tulimpa wali na kuku. Alipomaliza kunawa akamwambia Severini, taratibu, kama mtu anayeomba maji: "Mwanangu, mimi sina haraka. Mke anakula kwenu, ng'ombe anakula kwenu, wote wako salama. Lakini mtama ukivunwa, kimoja kinarudi Mabawe. Mke au ng'ombe. Mtachagua ninyi." Severini akasema, "Tumesikia, baba." Tukamsindikiza mpaka kwenye lori.

Sasa mtu wa mjini atasema, si mrudishe pikipiki yao yaishe. Ni rahisi kusema. Ile pikipiki ndiyo iliyotulisha. Ndiyo iliyomfanya Severini awe mtu, maana alikuwa amemposa binti mmoja wa Kasulo, huyu ambaye ndiye mama yake Aloisi, na wazazi wa binti walimkubali kwa sababu ana chombo. Bila Kifua Wazi alikuwa mkulima wa shamba dogo la maharage na jina zuri. Nilipoziosha sufuria jioni ile nilijua hesabu ilivyo: ama mimi nirudi kwenye mpini, ama kaka arudi kwenye jembe. Nilimwambia nitarudi Mabawe. Alikuwa anapaka grisi kwenye cheni. Akasema, "Kaa hapo, usinipigie kelele," na huo ndio ulikuwa mjadala wetu wote.

Kisha taa ikapasuka. Jiwe lilirushwa na tairi la lori karibu na Nyakahura, likaipiga ile taa ya duara katikati, kioo na kikombe chake vyote vikaharibika. Severini alivichukua vile vipande, akavifunga kwenye majani ya mgomba, akavipeleka Mabawe kwa sababu sheria ni sheria. Mzee Kagoma alivipokea kwa mikono miwili, akasema poleni, akaviweka ndani pamoja na ngozi za ng'ombe wake waliokufa. Kaka alirudi Lusahunga. Kwa siku kadhaa alikuwa anakula bila kutazama sahani. Mimi nikadhani anafikiria taa.

Nilikuja kujua anafikiria nini mchana mmoja nikiwa nimelala na homa nyuma ya khanga, wao wakidhani nimesinzia. Bi Saada alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Marehemu mumewe alimwachia stoo yenye pikipiki iliyopondwa na lori, ya aina mpya, ile ya mbavu za plastiki, imekaa humo haina mwenyewe. Nikamsikia Severini anasema: "Mama, ng'ombe akifa na ngozi ikapokelewa, kuna anayeweza kumdai?" Bi Saada akasema hapana, kwenu ninyi hapana. "Basi nitamwua huyu ng'ombe polepole. Kila kipande nitakitoa, nitampelekea mzee ngozi yake, nitaweka cha kwako. Kufika mavuno ya mtama hakutakuwa na ng'ombe wa Mabawe hapa. Hakuna ng'ombe, hakuna deni, mdogo wangu Leokadia hadaiwi na mtu." Nikasikia mchele ukipepetwa. "Vichukue," akasema mwishowe. "Vinashika kutu bure. Lakini Severini, ujanja mwingi mbele giza." Kaka akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nifike, na pale kwenye kamba zile, na homa yangu, nililia kwa furaha kwa sababu niliamini kabisa itawezekana.

Ndivyo Kifua Wazi ilivyoanza kugeuka. Kwanza ilipata taa ya pembe nne mahali pa ile ya duara, ikawa na uso wa mtu aliyeazima miwani. Kisha tangi la nundu likatoboka kwa kutu, au Severini alisema limetoboka, likaenda Mabawe kwenye majani ya mgomba, na likaja tangi bapa lenye stika. Ikafuata siti, ile ya mistari aliyoikalia padri, ikatolewa kuwekwa ndefu yenye mgongo inayobeba abiria wawili na gunia. Usukani mpana wa zamani ukaondoka. Magurudumu ya spoki yakaondoka, yakaja ya rimu za vipande vinene. Mimi nilishika taa na kumpa spana kwa mkono wangu mzima, na kufikia masika nilijua kufungua kabureta na kuirudisha. Abiria wakawa wanamcheka. "Severini, hii siku hizi ni kabila gani?" Madereva wa malori walioizoea walishuka kwa chai wakaizunguka wakiuliza ile ya padri imeuzwa kwa nani. Kila alipopeleka ngozi Mabawe Mzee Kagoma aliipokea kwa mikono miwili na kusema poleni. Hakuuliza kamwe kwa nini ng'ombe anakufa haraka hivyo.

Na yeye mwenyewe aliendelea kuja. Alikuwa akiniletea kifungu cha majani ya kuchua kiwiko, mwanamke mmoja wa kwao ndiye aliyekuwa akiyachuma, na ananieleza habari za pale nyumbani, mbuzi gani kazaa, jirani yupi kahama. Mara moja alisema, bila kuniangalia, "Festo ameacha pombe." Nikasema, "Ni vizuri, baba." Akageuzageuza fimbo yake mkononi. Halafu akasema, "Ameacha, ameanza tena." Leo nikiwa na umri unaokaribia wake wa wakati ule, namwelewa zaidi. Alikuwa mzee anayetaka binti wa kumpikia na kuongea naye, na mwana aliyepewa alikuwa yule. Lakini kumwelewa si kurudi. Nilimchemshia maji ya kunawa, nikampa samaki, nikamwomba Mungu mtama uchelewe.

Mtama haukuchelewa. Injini ilitoka wiki za mwisho, kazi ya siku nyingi, na Severini aliipeleka yeye mwenyewe juu ya lori akiwa ameipakata. Ikabaki fremu, ule mfupa wote ulioshika vingine. Tulihamishia kila kitu kwenye fremu ya Bi Saada, na tulipomaliza kilichokuwa mbele yetu kilikuwa pikipiki nyingine kabisa, nzito, imevaa mbavu za plastiki zilizounganishwa kwa waya, ina sura mbaya, na ilipopigwa kiki ikawaka mara ya kwanza. Severini aliiegemea kwa muda. Alikuwa ameijenga mwenyewe, kila nati. Bi Saada alituchinjia jogoo. Tulikula watatu mlangoni tukiitazama, na kaka akasema kwamba baada ya mavuno atakwenda Kasulo kumaliza mambo ya posa.

Tulikwenda Mabawe asubuhi, mimi nyuma yake, fremu ya zamani imefungwa kwa kamba kwenye keria na kuvikwa majani ya mgomba. Wazee walikuwa wameshakaa, mtungi wa pombe ya mtama katikati, mirija imechomekwa. Mshenga alikuwepo. Festo alikuwepo, amenenepa kidogo, hakunisalimia. Mimi nikaenda jikoni na wanawake, mahali pangu, nikakaa karibu na tundu la dirisha ambapo kila neno linaingia. Severini akaweka fremu chini. Akasema, "Baba, nimeleta ngozi ya mwisho. Ng'ombe amekufa."

Mzee Kagoma akaipokea. Fremu ni nzito, lakini aliinyanyua kwa mikono miwili kidogo kama zile nyingine, akaishusha. "Poleni," akasema. "Ngozi zote nimezipata, taa mpaka injini, na hii. Hakuna anayeweza kusema Severini aliuza." Wazee wakakubali. Nikashusha pumzi nikamshika mkono mwanamke aliyekaa karibu nami. Mzee akavuta pombe kwenye mrija, akameza. "Sasa tuseme mengine. Alifia kwa nani?"

"Kwangu, baba."

"Kama ningekuwa nimekugawia ng'ombe wa maziwa tu, kwa urafiki, leo tungeagana na kila mtu aende kwake. Lakini huyu hakuwa wa urafiki. Alikuwa mahari. Ng'ombe wa mahari akifia kwenu, amefia kwenu, ameshakuwa wenu. Mimi siwezi kumdai, na ninyi hamwezi kumrudisha. Na mahari isiporudi, mke hajaachwa." Aliyasema bila ukali wowote. "Leokadia ni mke wetu, Severini. Ungemleta ng'ombe mzima tungezungumza. Umeleta ngozi."

Hakuna aliyebishana, kwa sababu ndivyo ilivyo, na sote tulijua ndivyo ilivyo, na mwaka mzima hatukuiona. Tulikuwa tumeikumbuka sheria ya ng'ombe wa kugawiwa tukaisahau ya ng'ombe wa mahari. Tulijifunga kamba wenyewe, fundo kwa fundo, na spana nilimpa mimi. Festo alinyanyuka akaja mpaka mlango wa jikoni, akasema, "Mzigo wako uko wapi?" Sikuwa na mzigo. Nilimwambia sina mzigo.

Ndipo Mzee Kagoma akasema, "Rudi ukae, Festo, sijamaliza." Akamgeukia kaka. "Nimebaki na swali moja. Ile uliyokuja nayo, iliyoegemea mgomba pale nje, ni nani?" Severini akajipangusa viganja kwenye suruali. "Nakuuliza kwa sababu mimi ni mzee, macho hayaoni vizuri. Kama ni nyingine, ni yako, uende nayo salama, hakuna mtu hapa atakayeigusa. Mke wetu ataingia ndani. Kama ni yeyote ninayemjua, useme."

Kupitia tundu lile nilimwona kaka ubavuni. Aliitazama ile pikipiki. Nimefikiria mara nyingi kilichopita kichwani mwake, Kasulo kwa kina mama Aloisi, barabara, mikono yake iliyochubuka, lakini sijui, na wala hakuwahi kuniambia katika miaka yote hii. Ninachojua ni kwamba hakukawia sana.

"Ni yeye," akasema.

Mzee mmoja akacheka puani. "Mbona ngozi zake zote ziko ndani?"

"Ni yeye. Alikuwa anabadilika ngozi. Hajafa, nilisema uongo." Akauvua ufunguo aliokuwa ameuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, akapiga goti, akampa Mzee Kagoma kwa mikono miwili. "Ng'ombe wako huyo, baba. Mzima. Nimemrudisha."

Mshenga akasema imesikika. Mwingine akasema imesikika. Festo akaanza kunena na mzee akamnyamazisha kwa mkono. Kisha akaniita. Nikatoka jikoni, nikapiga magoti mbele yake, na yeye akaniangalia muda mrefu, na nikaona kwamba ameumia. "Mkono unanyooka?" akauliza.

"Haunyooki, baba."

"Nenda kwenu," akasema, na akainamia mrija wake.

Tulitoka pale kwa miguu. Severini hakugeuka nyuma na mimi nikaiga. Posa ya Kasulo ilivunjika, ikaja kuungwa tena baada ya miaka, mama Aloisi akimngoja bila kumwambia mtu kwamba anamngoja. Severini alilima maharage. Hakupanda pikipiki tena, hata ya kulipia. Alisema zinampa kizunguzungu, na watu wakaamini. Bi Saada tulipomweleza alisema inna lillahi, kama kwenye msiba, akaingia kukuna nazi aliyoletewa kutoka mbali, akatupikia wali wa siku kuu. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, jua likiwa bado juu, tulifika barabara ya lami tumejaa vumbi na lori likatusimamia. Dereva alikuwa mtu mnene mwenye maneno. Akatuangalia, mwanamume na mwanamke, mikono mitupu, hatuna hata kuku, akauliza huku akitia gia mnatoka wapi hivyo, harusini au msibani.

"Mabawe," Severini akasema. "Nilikwenda kumchukua mdogo wangu."

Dereva akanitazama, akasogeza mfuko wake wa ndizi, nikakaa vizuri.